Mteja wa Dirishani

3 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Habari za huko na baridi yake? Sisi huku hatujambo. Mama naye hajambo. Amepungua kidogo, lakini mwenyewe anasema si mwili uliopungua, ni magauni yaliyokua. Anakusalimu sana na anauliza kama bado unavaa soksi mbili mbili. Majirani wote wazima, isipokuwa yule paka wao mwizi, amefariki, na mtaa mzima unajifanya unasikitika.

Nimeamua kukuandikia barua pepe kwa sababu jambo lenyewe ni refu, na wewe kwenye simu una tabia ya kujibu kabla mtu hajamaliza. Kuna kamera. Ile kampuni ya matangazo iliyokuwa ghorofani juu ya benki imefunga, na vitu vyake vinauzwa kimoja kimoja na mzee anayelinda stoo. Viti vimekwenda, meza zimekwenda, hata mapazia aliyowashonea Mama yamechukuliwa na mwenye saluni. Imebaki kamera. Si kama hizi ninazopigia picha harusini. Hii ni ya sinema hasa, nyeusi, nzito kama mtoto aliyelala, ina sanduku lake la chuma, lenzi mbili na betri nne. Ilitengenezwa nikiwa bado sekondari.

Bei anayotaka ni ile ile ya kamera mpya ndogo, ya kuingia mkobani. Ndiyo maana nakuuliza wewe, unayeshinda na kamera hizo mikononi kila siku. Je, mpaka leo inafaa kununuliwa, au nitakuwa nimenunua kitu cha kuzuia mlango usipigwe na upepo?

Nijibu mapema kama unaweza.

Mdogo wako,
Kitinda

*

9 Machi

Kitinda,

Marahaba. Mimi mzima, soksi ni tatu sasa, mwambie Mama. Kazini ni kule kule chini ya ardhi, chumba kisicho na dirisha, taa nyeupe, glavu za pamba na harufu ya spiriti ya kufutia lenzi. Watu wanakuja kukodi vifaa asubuhi wakiwa wapole, wanavirudisha jioni wakiwa wamevichafua na wana maneno mengi.

Kwanza niambie, kwa nini Mama hataki simu ya video? Jumapili nilimwomba tena. Akasema simu hizo zinamfanya aonekane kama mtu aliye ndani ya kijiko. Nimecheka, lakini ni mwezi wa pili sasa sijamwona sura.

Haya, kamera yako. Naijua. Tunazo mbili, rafu ya chini kabisa, na watu wanazipita kama wanavyompita ndugu anayekopa. Nitakuambia ubaya wake wote. Inakula betri kama mchwa. Ukiiwasha inachukua muda kuamka, na huo muda bibi harusi ameshaingia ukumbini na amekaa. Gizani haioni vizuri, inataka mwanga wa kutosha. Fokasi unaivuta mwenyewe kwa mkono mpaka ukungu utoke kwenye picha, haikusaidii hata kidogo. Kadi zake haziuzwi tena madukani. Na ikiharibika, fundi wake ndiye atakuwa wa kwanza kukushauri uizike.

Sasa uzuri wake, maana unao. Hizi mpya zinaona kila kitu, hata kisichotakiwa, zinamchonga mtu kama kitambulisho. Ile ya zamani inaipenda ngozi ya binadamu. Sijui niseme vipi. Ukimweka mtu mbele yake kwa utulivu, inamtazama kama mtu anavyotazamwa na wa kwao.

Kwa hiyo swali si kama kamera inafaa. Swali ni utapiga nini. Kama ni harusi, achana nayo leo leo. Kama ni kingine, niambie. Na ukienda tena huko stoo, iwashe na uiache ifanye kazi mpaka ipate joto. Funika lenzi, angalia kama kuna vidoti vyeupe kwenye giza. Nusa. Kamera iliyowahi kuungua haijifichi.

Mbusu Mama. Mwambie namtaka ndani ya kijiko hivyo hivyo.

Dada yako

*

20 Machi

Dada,

Shikamoo. Hujambo na kazi? Sisi tupo. Mama amepata kazi kubwa, mapazia ya ukumbi wa shule, kitambaa chekundu kizito kimejaa sebule nzima mpaka natembea kwa kuruka. Tangu asubuhi anashona na anaongea. Anaongea na cherehani, anaongea na redio, anamsema mwalimu mkuu aliyechagua rangi. Nimempa ujumbe wako wa kijiko. Alicheka, kisha akaingia jikoni akakaa huko kidogo.

Nimeipima kamera kama ulivyosema. Yule mzee wa stoo alikuwa ameifunga kwenye shuka, kama mgonjwa. Tuliiwasha tukakaa nayo mchana kutwa. Vidoti niliona viwili tu, pembeni, wala havisumbui. Harufu hakuna, ila ya shuka. Halafu nikampiga picha mzee mwenyewe akinywa chai mlangoni. Hakuna alichofanya, alikunywa tu na kutazama barabara. Niliporudi nyumbani nikaangalia kwenye kompyuta, Dada, nikaona yale uliyoandika. Yule mtu nimempita mara ngapi pale nje ya benki? Sikuwahi kumwona.

Umeuliza nitapiga nini. Nina mteja mmoja. Ni mtu mzima, anataka arekodiwe akiwa nyumbani kwake, amekaa karibu na dirisha, akifanya kazi yake na kuzungumza. Hataki pilikapilika. Ana mtoto aliye mbali asiyeweza kuja kumtazama. Nataka iwe nzuri. Nataka iwe nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya, ndiyo maana sitaki kutumia kamera ya harusi, wala simu.

Kwa mtu kama huyo, inafaa?

Mdogo wako,
Kitinda

*

27 Machi

Kitinda,

Marahaba, na pole na mapazia mekundu.

Kwa mteja kama huyo, hakuna kamera bora. Mtu amekaa, mwanga wa dirisha, hana haraka. Hiyo kamera ni kama ilitengenezwa kwa ajili yake. Nimefurahi kwamba kuna mtu huko bado anataka kupigwa picha bila kucheza muziki.

Lakini usinunue. Nisikilize kwanza. Mkuu wangu wa kazi anapanga kuzitoa kamera zetu za kati ifikapo mwisho wa mwaka, zile zilizofuata baada ya hiyo yako. Ni nyepesi, hazili betri, na ngozi ya mtu zinaijua vilevile. Ameniambia moja naweza kuichukua. Kibali changu cha kukaa huku daima nacho, ofisi ya uhamiaji wanasema kitakuwa tayari kabla ya mwaka mpya. Nitakuja nayo mwenyewe, begani, niiweke mezani mbele yako.

Ingekuwa amri yangu ningekuja kesho. Unajua ilivyo. Nikitoka nje ya mipaka kabla hawajanijibu, faili langu linafungwa na naanza upya, na nimesubiri miaka tisa. Kwa hiyo nimekaa hapa kama mzigo uliosahaulika kituoni.

Subiri tu. Mteja wako amekaa, hakimbii. Mwambie akupe mpaka Desemba.

Mama aendelee kumsema mwalimu mkuu. Jumapili nilisikia sauti yake imechoka. Amepata mafua?

Dada yako

*

11 Juni

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Samahani kwa kukaa kimya muda mrefu hivi, kazi zilinibana. Mama anakusalimu.

Nimeinunua. Najua ulisema nisubiri, na nilisubiri Aprili yote na Mei yote. Wiki iliyopita nilikwenda stoo, nikakuta mzee ameshaanza kuifungia mtu mwingine. Nikaona mikono yangu inaichukua.

Nimeanza na yule mteja. Nina maswali mawili. La kwanza ni fokasi, inanishinda. Nikiivuta kwenye macho, yeye ameshainama. La pili ni rangi. Mteja hayuko kama alivyokuwa Machi. Ngozi yake imegeuka, imekuwa ya manjano, macho pia. Je, kuna namna ya kuweka taa, au kitu cha kubadilisha ndani ya kamera, ili aonekane kama zamani? Yeye mwenyewe hajali. Ananiambia nipige nilichokiona. Mimi ndiye ninayejali.

Nimekuwekea picha moja ya kujaribu mwanga, kabla hajakaa. Niambie dirisha linatosha au niongeze taa.

Mdogo wako,
Kitinda

*

15 Juni

Kitinda,

Marahaba. Umeshanunua, basi hongera, tusirudi nyuma. Mimi sijambo.

Fokasi: usiifukuze. Chagua sehemu moja ambayo mtu hurudi kila mara baada ya kuinama, iweke hapo, kisha mngoje. Atarudi tu.

Rangi: usiguse kitu ndani ya kamera, utamfanya awe wa kijivu. Zima taa zote za chumbani, hasa ile ya darini, hiyo ndiyo inayoongeza umanjano. Tumia dirisha peke yake. Weka shuka jeupe upande wa pili, karibu na shavu lake, ili mwanga umrudie. Na usimpige asubuhi sana, ngoja jua lipande

Kitinda, nimeandika mpaka hapo halafu ndiyo nikafungua picha uliyoniwekea.

Kile kiti nakijua. Mguu wa nyuma umefungwa kwa kipande cha pazia la kijani, na mimi ndiye niliyeufunga nikiwa darasa la sita. Pale kilipo panatakiwa kuwa na cherehani. Mama hajawahi kumruhusu mtu yeyote asogeze cherehani yake. Baba aliisogeza mara moja ili apake rangi ukuta, na hawakuongea mpaka rangi ikakauka.

Nimekupigia mara nne leo. Mama nimempigia, simu imeita mpaka ikakata.

Mteja wako ni nani?

Dada

*

20 Juni

Dada,

Shikamoo. Nimeziona simu zako. Sikuweza kupokea, kwa sababu ningesikia sauti yako ningeongopa tena.

Ni Mama.

Tulikwenda hospitali Februari, kwa ajili ya tumbo. Ni saratani, iko kwenye kongosho, na ilikuwa imeshasambaa siku walipoiona. Daktari hakutuficha. Alisema wanaweza kumpunguzia maumivu, basi. Tulipotoka Mama alikaa kwenye benchi la pale ukumbini, akatoa leso, akaikunja, akaikunjua. Akaniambia nisikuambie. Nikakataa. Nilikataa mbele ya watu, Dada, mpaka wakageuka. Akanishika mkono akasema, “Akijua atakuja. Akija atapoteza kila kitu alichokisubiri, na mimi nitakufa vilevile.” Kisha akanitaka niape. Nikaapa.

Ndipo nikaiona kamera. Nikafikiri, kama yeye hawezi kuja kumtazama, mimi nitampelekea Mama mzima, siyo wa ndani ya kijiko. Nilitaka jambo hilo nilifanye vizuri. Nikakuuliza wewe kwa sababu sina mwingine wa kumuuliza. Ukasema nisubiri. Nikasubiri, kwa kuwa ulijua unachosema, na kwa kuwa moyoni nilipenda kuamini kwamba Desemba ipo. Si kosa lako. Ulijibu swali nililokuuliza.

Yale mapazia mekundu aliyamaliza mwanzoni mwa Mei. Baada ya hapo hakushona kitu kikubwa tena. Anashona pindo ndogo ndogo, akikaa. Cherehani nimeisogeza mimi ili kiti kikae karibu na dirisha, na hakusema neno. Hapo ndipo nilipojua kwamba Desemba haipo.

Nisamehe ukiweza.

Mdogo wako

*

21 Juni

Nakuja. Usimwambie.

Dada

*

30 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Sijui nikuulize habari zako vipi.

Sikumwambia. Alijua mwenyewe. Nadhani aliona nilivyofagia chumba chako. Aliniamuru nimpe simu, akaniambia nikanunue mkate, na mkate ulikuwepo. Nikatoka. Nilikaa nje kwenye ngazi, nikazisikia sauti bila kusikia maneno. Aliongea muda mrefu, kwa sauti ile ya zamani, ya kupatana bei ya kitambaa.

Niliporudi simu ilikuwa mapajani kwake. Akaniambia tu, “Amesikia.” Akataka nimgeuze kuelekea dirishani.

Sijui mlizungumza nini. Chumba chako nimekifunga tena. Niambie, au usiniambie, vyovyote utakavyoona.

Shuka jeupe nimeliweka kama ulivyonielekeza. Linasaidia.

Mdogo wako

*

12 Julai

Kitinda,

Nimekaa na barua yako siku nyingi. Mimi mzima, nakula, naenda kazini.

Nilikuwa nimeshafunga sanduku. Tiketi nilikuwa nayo. Kazini nilikuwa nimeaga, mkuu wangu alinikumbatia, na hapa watu hawakumbatiani ovyo. Ndipo Mama akapiga. Hakulia wala hakubembeleza. Aliniuliza mambo mengi ya kawaida kwanza, kodi ya nyumba, meno yangu, kama yule jirani wa juu bado anaburuta viti. Halafu akasema, “Nimeshona mapazia ya watu miaka arobaini ili wewe usije ukaomba ruhusa ya kukaa mahali. Usinirudishe nyuma sasa.” Akasema nikija sitamkuta mama, nitamkuta mtu aliyekasirika. Nikamwambia nitalia mlangoni mpaka anifungulie. Akasema atanisikia na hatafungua.

Nimeirudisha tiketi, Kitinda. Nimemtii. Na nitakuambia wewe tu jambo moja. Aliposema nisije, kipande cha moyo wangu kilipumua. Kipande hicho sikipendi na sitakisahau.

Wewe nina hasira nawe. Ulipaswa kuvunja kile kiapo siku ile ile. Nina hasira na mimi pia. Nimezifungua barua zetu nikaziangalia tarehe. Aprili na Mei, akiwa bado anaongea tangu asubuhi. Niliandika kwamba mteja hakimbii. Niliandika hivyo nikiwa nimejiona mjanja.

Endelea kumpiga picha. Usimuulize maswali ya kwenye televisheni, ya utoto wake na mafunzo ya maisha. Mwache ashone.

Dada yako

*

4 Septemba

Dada,

Shikamoo, na pole tena. Pole ya simu haitoshi, ndiyo maana naandika. Sisi tupo. Nyumba imejaa watu wanaoosha vyombo visivyo vichafu.

Mazishi yalikwenda vizuri kama mambo hayo yanavyoweza kwenda. Walikuja watu ambao sikujua wanamfahamu, wenye hoteli, walimu, yule mwenye saluni. Mwalimu mkuu alisimama akasema mapazia ya ukumbi wake yatadumu kuliko ukumbi. Mzee wa stoo alikuja pia, akakaa nyuma. Nilimsogelea akaniuliza kama niliwahi. Nikamwambia niliwahi kidogo.

Mwisho wake ulikuwa mchana, alikuwa amelala, na mkono wake ulikuwa mkononi mwangu. Sikuwa na kamera. Niliiweka chini tangu alipoacha kukaa kwenye kiti. Hakuniambia niiweke, niliona tu haifai.

Mtu anayekuja huko atakuletea diski. Yote yamo humo, sikukata kitu. Usitegemee mengi. Siku za mwanzo fokasi mbovu, unajua. Nilidhani atazungumza, atakuambia maneno. Nilimwomba. Alisema maneno yake alishayasema kwenye simu. Kwa hiyo ni yeye tu, amekaa, na mara nyingi mdomoni ana pini kwa hiyo hawezi hata kuongea. Sehemu ya mwisho amelala kabisa. Kamera nzima ile, na hiki ndicho nilichopata.

Unisamehe. Nilitaka kukuletea zaidi ya hicho.

Mdogo wako

*

10 Novemba

Dada,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Sijapata jibu, nikadhani labda diski haikufika, lakini aliyeipeleka anasema ulimpa chai na ukamshukuru.

Sikusukumi. Nina jambo dogo tu. Kuna vijana wamefungua ofisi ya filamu, wamesikia nina ile kamera, wanaitaka. Harusini haitumiki, kama ulivyosema. Ipo chini ya kitanda ndani ya sanduku lake, na kila nikifagia naigonga na ufagio. Niiuze au niiache?

Cherehani nimeirudisha mahali pake.

Mdogo wako,
Kitinda

*

17 Januari

Kitinda wangu,

Marahaba. Hujambo? Umekonda? Nani anakupikia? Mimi mwili mzima, moyo unajifunza kutembea. Nisamehe kwa kimya changu. Diski ilifika vizuri. Niliiweka kwenye droo ya kazini, chini ya vitambaa vya kufutia lenzi, na kila siku nilichukua kitambaa kwa ncha za vidole ili nisiiguse.

Juzi mkuu wangu aliniona. Ni mwanamke mkavu, haulizi mambo ya watu, lakini aliniuliza kuna nini kwenye droo hiyo, maana naifungua kama ina nyoka. Nikamwambia. Hakusema pole. Alichukua funguo za kile chumba chetu kidogo cha kuoneshea picha, chenye skrini ya ukuta mzima, akafungia wateja nje, akaniambia niingie. Nikamwomba abaki.

Nianze na kazi, kwa sababu ndiyo rahisi. Siku zako za kwanza ni aibu. Fokasi iko sikioni, iko kwenye mkono wa kiti, kuna wakati iko kwa jirani nje ya dirisha. Mkuu wangu alikohoa. Mama anakugombeza kwamba nyaya zako zimejaa sakafuni, na kwamba kamera kubwa hivyo ni ya kupigia mlima, siyo mtu. Sauti yake ilipotoka kwenye zile spika nilishika kiti cha mbele yangu.

Halafu ukatulia. Sijui ni siku gani, lakini kuna mahali unaacha kumfukuza, unaiweka fokasi pale anaporudi, na yeye anarudi. Kitinda, ni wa manjano kweli. Mifupa imetoka. Na ni yeye, mzima mzima, kuliko nilivyomkumbuka. Nilikuwa nimesahau kwamba nyusi moja iko juu zaidi ya nyingine. Miaka tisa ya simu, na nilikuwa nimesahau uso wa mama yangu upande mmoja.

Uliandika kwamba hasemi kitu. Wewe ulikuwa nyuma ya kamera, ukihangaika na betri, hukusikia. Kuna siku anashonea kulabu kwenye pazia la bluu, pini mdomoni, na midomo inatikisika. Nilirudisha nyuma, nikapandisha sauti. Anahesabu. Anahesabu kulabu kupitia katikati ya pini, moja, mbili, tatu, kwa sauti ile ya chini aliyotufundishia hesabu sisi wawili sakafuni. Anafika thelathini na kitu, wewe unapiga chafya, anapotea. Anakutazama kwa hasira kabisa, hasira ya mtu mwenye afya, na anaanza tena na moja. Mkuu wangu akaniuliza huyo mama anasema nini. Nikamwambia anahesabu. Akauliza anahesabu nini, kama ni siku. Nikamwambia hapana, ni kulabu za pazia. Akatikisa kichwa, akavua miwani akaifuta, na haikuwa chafu.

Mimi nikahesabu naye mpaka mwisho wa pazia. Kwa sauti, kama mjinga.

Ile sehemu ya mwisho, anasema uzime, amechoka. Hukuzima. Nakushukuru. Nilimtazama anavyopumua mpaka betri ilipokwisha na skrini ikawa nyeusi. Mkuu wangu aliinuka kuwasha taa, nikamwomba angoje kidogo.

Kwa hiyo usiombe tena msamaha kuhusu picha. Na kuhusu kile kiapo, hasira yangu nimeitafuta leo niione ilipo, sikuipata yote. Iliyobaki tutaizungumza tukiwa tumekaa.

Kamera iuze kama wale vijana bado wanaitaka, na waambie ubaya wake wote kabla hawajatoa pesa. Usiiweke kwa sababu ya Mama. Yeye mwenyewe asingevumilia kitu kisichotumika chini ya kitanda. Nunua ndogo nyepesi, uendelee na harusi zako, watu waoane.

Kibali changu kimetoka. Kilikuja Jumatatu, bahasha ya kawaida tu, kimeingizwa chini ya mlango pamoja na karatasi za matangazo. Nilikisoma nikiwa nimesimama, nikatafuta simu nimpigie Mama, na nikawa nimeshabonyeza jina lake ndipo nikakumbuka.

Nafika uwanja wa ndege tarehe nane mwezi ujao, mchana. Usije na watu. Usibebe maua wala kitu kingine chochote cha kushika. Njoo mikono mitupu, maana sidhani kama nitaweza kutoka pale kwa miguu yangu mwenyewe.

Dada yako